Chupa Yenye Harage Moja

Vijana wangu mliopokea jumuiya,

Mlipofungua sanduku nililowakabidhi mlikuta daftari la zamu, rozari ya mbao, kengele ambayo ulimi wake umefungwa kwa waya, na chupa ya maji ya plastiki yenye harage moja ndani. Mmoja wenu akauliza mbele za watu kama hilo harage ni masalio ya mtakatifu. Siku hiyo sikujibu, kwa sababu mke wangu Mama Domitila alikuwa amekaa karibu, na yeye akianza kucheka habari hiyo hanyamazi hadi kesho yake. Nawajibu kwa maandishi. Chupa hiyo msiitupe.

Kazi ya uenyekiti wa jumuiya nimeifanya miaka kumi na tisa. Nimeihesabu mara mbili, kutoka mwanzo kuja mwisho na kutoka mwisho kurudi mwanzo, kama nilivyokuwa nikihesabu chane za mkungu. Maana kazi iliyonilisha ilikuwa hiyo: kununua ndizi na maharage hapa kwetu Kirushya na kupeleka Kabanga mpakani. Anayekuuzia mkungu anakugeuzia upande ulioshiba. Ukihesabu mara moja, umehesabu anachotaka yeye. Uzoefu huu ulinisaidia sana sokoni. Kwenye sala uliniponza, na ndiyo habari ninayotaka kuwapa.

Uenyekiti wenyewe niliupata kwa utovu wa adabu. Jumuiya yetu, kama mnavyojua, ni nyumba za mteremko mmoja. Kila Alhamisi saa kumi jioni tunakutana kwa mtu mmoja, zamu kwa zamu, tunasali rozari, tunasoma Injili ya Jumapili inayokuja, kisha kila mmoja anaomba kwa kinywa chake. Mwenyekiti wakati huo alikuwa Bibi Paskazia, yule yule mnayemjua, ila goti lake lilikuwa bado linamtii. Siku moja aliongoza fumbo la tatu, na alipomaliza nikanyoosha mkono.

"Bibi, hilo kumi lilikuwa na tisa."

Watu wote wakanitazama kama mbwa aliyeingia kanisani.

"Una hakika?"

"Nimehesabu kwenye vidole vyangu na kwenye rozari ya jirani."

"Sisi tunamwomba Mama wa Mungu," akasema Bibi Paskazia, "wewe unamfanyia ukaguzi."

Akasali ile Salamu Maria iliyobaki, peke yake, polepole, akinitazama. Uchaguzi ulipofika alinipendekeza yeye mwenyewe. Alisema mtu anayekera namna hii afadhali akere akiwa na cheo.

Alinifundisha kazi. Alisema mwimbishaji asiwe yule mwenye sauti nzuri, awe yule anayeanza chini, kwa sababu wimbo ukianzia juu, ubeti wa tatu unabaki na mtu mmoja na mishipa yake ya shingo. Alisema usiulize "nani ana ombi?" huku ukimtazama mtu mwenye kesi ya mpaka wa shamba, utasikia kesi yote, na jirani yake naye ataomba rufaa. Na alinifundisha namna ya kuishi na mwalimu Laurenti.

Mwalimu Laurenti alifundisha miaka mingi Nyamiaga, akastaafu, akarudi kwetu na ubao wake kichwani. Ombi lake lilianza na uumbaji wa ulimwengu. Tulipita gharika, tukapita jangwani, tukaingia serikalini tukamwombea kila kiongozi kwa ngazi yake, na tulipofika kwa wagonjwa wa jumuiya, wengine walikuwa wamepona. Bibi akaninong'oneza dawa: "Mtu akisali, lazima avute pumzi. Hapo hapo anzisha wimbo." Niliifanya kazi hiyo kwa miaka. Nilikuwa namvizia mwalimu Laurenti kama paka anavyovizia panya, na alipovuta pumzi tu, mimi nimo.

Baadaye akaja kuishi kwetu mtu mmoja aitwaye Mayala. Huyu ni Msukuma, alitoka upande wa Shinyanga na ng'ombe wake, akakaa kwanza Biharamulo, kisha akashuka kwetu akajenga chini bondeni. Alikuwa anajiandaa kubatizwa, na alikuja kwenye jumuiya kwa moyo wote. Lakini zamu yake ya kuomba ilipofika alimwombea kila ng'ombe peke yake: yule mweusi mwenye mkia mfupi, yule aliyekataa ndama, yule anayependa ugomvi.

"Mayala," akasema Bibi, "hao ng'ombe wamebatizwa?"

"Bado, Bibi. Lakini wanafika nyumbani kwa wakati kuliko wanajumuiya."

Hapo alisema kweli. Nyumba zilizoandikwa daftarini zilikuwa kumi na nne, zilizokuja zilikuwa tano. Simu ndiyo ilianza kutumaliza. Tulifungua kundi la WhatsApp la jumuiya ili tukumbushane sala, watu wakaona kukumbushwa kunatosha. Ukimwambia mtu hukuja Alhamisi, anajibu, "Niliweka mikono ya kusali kwenye kundi, Mwenyekiti, tazama." Siku moja Mayala aliandika kwamba mbuzi wake amepotea, ana kamba nyekundu shingoni. Zikaja Amina kumi na moja. Nilizihesabu mara mbili. Aliyekwenda kumtafuta mbuzi ni Mayala.

Habari ikamfikia Padre. Alikuja kwangu nikiwa napanga mikungu, tukasalimiana, akasema parokia imeamua: jumuiya isiyofikisha nyumba kumi zinazokutana kusali itaunganishwa na ya jirani. Kwetu sisi ilikuwa na maana ya kuvuka bonde na kupanda mlima wa ng'ambo kila Alhamisi.

Mimi bei ya kwanza siikubali hata ikiwa ya mbinguni.

"Padre, tuseme sita."

"Kumi."

"Saba. Na ya nane, Mayala ana nyumba mbili."

"Baba Domitila, nyumba mbili za Mayala ni kesi nyingine, na iko mezani kwangu."

"Basi nane kavu, tusichoshane."

"Kumi. Juma Kuu nitakuja kuhesabu mwenyewe."

"Utahesabu mara ngapi?"

"Mara moja inatosha."

Nikajua mtu huyu simwezi.

Sasa sikilizeni kilichonikosesha usingizi. Sisi wengine tungevuka hilo bonde tukilalamika, tungefika. Bibi Paskazia asingefika. Goti lake lilikuwa limevimba kama boga, bonde hajalishuka kwa muda mrefu, na watoto wake wote wako mbali. Alhamisi ndiyo siku pekee aliyosikia sauti zaidi ya moja. Tukiunganishwa, mtu aliyetufundisha wote kusali angebaki kusali peke yake. Nilipompelekea habari alikuwa anamwaga mtama uani.

"Nitasali na kuku," akasema. "Wanainamisha vichwa vizuri kuliko ninyi."

Alisema kwa kucheka. Lakini mimi nimeuziana na watu miaka mingi, najua kicheko cha mtu anayeuza asichotaka kuuza.

Nikafikiri kama mfanyabiashara, na hapo ndipo kosa. Nikasema watu hawaji kwa sababu sala haionekani. Kitu kisichoonekana hakihesabiki, na kisichohesabika nani atakigombea? Nikakusanya chupa tupu za maji kumi na nne, nikampa kila mwenye nyumba moja. Kanuni: kila mara nyumba nzima inapokaa pamoja ikasali, inatia harage moja. Mwisho wa Kwaresima tunapima, na chupa iliyojaa zaidi inapata mkungu wa ndizi, mkubwa, nitauchagua mimi. Watu wakipata moto nyumbani, nikasema, watauleta na kwenye jumuiya.

Moto waliupata. Kwa mwalimu Laurenti walisali kabla ya uji na baada ya uji, na uji nao ukapata ombi lake katikati. Mkewe alimwambia Mama Domitila, "Siku hizi tunakula uji ulioota ngozi." Kukazuka mabishano: sala ya kuombea mvua, mvua ikinyesha, je, ile ya kushukuru ni harage jipya au ni lile lile? Kukawa na watu wanachagua maharage madogo ili yaingie mengi, na watu wanachagua makubwa ili chupa ijae upesi. Mayala akaja kwangu asubuhi.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Mimi nikisali zizini na ng'ombe arobaini, ni harage moja au arobaini na moja?"

"Marahaba. Harage ni la nyumba, Mayala, si la kichwa."

"Na zizi ni nyumba ya nani?"

Nimekaa Kabanga nikapatana bei kwa lugha nne, na siku ile nikashindwa na mchunga ng'ombe. Alirudi kwake, akaiacha chupa, akachukua ndoo.

Na Alhamisi? Zile nyumba tano zikawa nne, zikawa tatu. Nikimkuta mtu njiani namuuliza, ananijibu kwa furaha, "Tuko nyumbani tunajaza chupa, Mwenyekiti." Nilikuwa nimewauzia watu sababu nzuri kabisa ya kutokuja, na nilikuwa nimewaahidi mkungu juu yake.

Ikafika Alhamisi ya zamu ya Bibi Paskazia. Alikuwa amefagia uwanja hadi ukang'aa. Viti vyake havitoshi, kwa hiyo aliazima kwa majirani. Nilivihesabu: kumi na moja. Nikavihesabu tena, si kwa tabia yangu, ila kwa kutokuwa na pa kuweka macho. Tulikaa watu watatu, yeye, Mama Domitila na mimi. Tulisali rozari yote. Ulipofika wakati wa kuomba kila mtu kwa kinywa chake, nikafungua daftari kusoma majina ya wagonjwa, kama kawaida yangu.

"Funga hilo," akasema Bibi. "Miaka yote unatusomea orodha. Wewe unataka nini?"

Nikalifunga daftari. Mama Domitila akanitazama, maana alikuwa hajawahi kuniona nikiomba bila daftari. Nikasema, "Ee Bwana, Bibi asibaki peke yake."

"Utusikie," wakaitikia wao wawili.

Lilikuwa ombi fupi kuliko yote niliyowahi kusikia pale, hata nafasi ya kuvuta pumzi halikuwa nayo. Bibi akachukua chupa yake, akatoa harage moja katika yale ya shambani kwake, meusi yenye doa jeupe, akaniambia nitie kwenye chupa yangu. Nikatia. Lilikuwa la kwanza. Ndiyo, mmesoma vizuri: mwenyekiti aliyegawa chupa kumi na nne, yake ilikuwa tupu. Mimi nilikuwa na kazi ya kukagua za wengine.

Sasa Juma Kuu linakuja, na mwenyekiti hawezi kusimama mbele ya Padre na harage moja. Ghalani nilikuwa na gunia. Malizieni wenyewe.

Siku ya Padre tuliyapeleka yote kwa Bibi Paskazia, kwa kuwa yeye hatembei. Mama Domitila alipita nyumba kwa nyumba na beseni kichwani kukusanya chupa, na ndoo ya Mayala tuliibeba wawili. Watu walizitoa kwa moyo mkunjufu na wakabaki makwao. Padre alifika, akaketi, akaangalia chupa nilizozipanga mstari mmoja kama askari.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Baba Domitila, hizi ni nini?"

"Sala, Padre. Zimehesabiwa mara mbili."

"Na watu?"

"Watu wanawakilishwa."

Akazihesabu mara moja. Akatafuta kwa macho. "Chupa ya Bibi iko wapi?"

"Nimeyaloweka tangu asubuhi," akasema Bibi Paskazia kutoka jikoni. "Umepanda mlima wote huu, ule nini, chupa? Ila hayatoshi. Mama Domitila, lete na hayo mengine."

"Bibi," nikasema, "huo ni ushahidi."

"Ushahidi wa maharage unaiva. Lete ungo."

Vijana, mmekulia kwenye nyumba ambazo maharage hayapikwi bila kuchambuliwa kwenye ungo, mtoe mawe na yaliyotobolewa. Mimi hilo nililijua maisha yangu yote na sikulikumbuka siku hiyo. Bibi akamimina chupa ya kwanza: mchanganyiko, mekundu, ya njano, madogo, makubwa, na kifungo cha shati. Ya pili hivyo hivyo. Ndivyo maharage ya nyumba yalivyo, yanaokotwa leo hapa kesho pale. Akamimina yangu. Yalianguka ya rangi moja, kimo kimoja, safi, kama wanafunzi wa gwaride. Na moja jeusi.

Bibi akayageuza kwa kidole. Padre akainama akatazama.

"Baba Domitila," akasema Bibi, "sala zako zote ni za gunia moja. Ila hili ni langu."

Mama Domitila alikuwa tayari ametoka nje, na kutoka huko tulimsikia akicheka. Nilisema kweli mbele ya Padre, palepale penye moshi. Padre akasema kwamba maungamo mengi aliyoyasikia maishani hayakuwahi kuletwa kwenye ungo. Bibi akalitoa lile jeusi, akalirudisha kwenye chupa yangu. "Hili halipikwi," akasema, na mengine yote akayamwaga chunguni, pamoja na nusu ya ndoo ya Mayala.

Mama Domitila, akiwa bado anafuta machozi, akapiga picha ya chungu na kuiweka kwenye kundi la WhatsApp. Akaandika: "Chupa zote zimeingia humu."

Safari hii hakuna aliyejibu kwa Amina. Wa kwanza kufika ni Mayala, anahema, na fimbo mkononi.

"Mwenyekiti, ndoo yangu."

"Inachemka."

"Zile zilikuwa sala za ng'ombe."

"Keti, Mayala," akasema Bibi, "utakula uliyoyaomba."

Akafika mwalimu Laurenti na mkewe, na yeye alikuwa na hotuba tayari kuhusu utaratibu. Wakafika wengine, kila mmoja amekuja kudai chupa yake, na kila mmoja akapewa kiti kabla hajafungua mdomo, maana viti vya Alhamisi ile Bibi alikuwa bado hajavirudisha. Huwezi kugombana vizuri ukiwa umeketi, tena mbele ya padre, tena na harufu ya chakula ambacho ni chako.

Na maharage ya mchanganyiko hayaivi haraka. Mengine ni ya msimu huu, mengine ya msimu uliopita, na ya mwalimu Laurenti nadhani ni ya gharika ile ile aliyokuwa akiiombea. Tulingoja. Walipochoka kulalamika wakatulia, na Bibi, akiwa na mwiko mkononi, akaanzisha rozari kwa sauti ya chini. Tukamfuata. Hakuna aliyekimbia, maana chungu hakikimbizwi. Ulipofika wakati wa kuomba, Mayala alisema, "Nimesali na ng'ombe Kwaresima yote, na nilikuwa peke yangu. Wabeja, asanteni, nimerudi kwa watu." Akaketi. Mwalimu Laurenti akasimama, akavuta pumzi. Mimi nikajiandaa na wimbo. Akasema kwamba tangu astaafu hakuna anayemsikiliza, ndiyo maana sala zake ni ndefu, na anaomba radhi. Akaketi. Ule wimbo nikaumeza.

Kumi lile la mwisho la rozari sijui lilikuwa na Salamu Maria ngapi. Niulizeni chochote kingine.

Tulipokula, Padre akanigeukia. "Haya, Mwenyekiti. Nyumba ngapi?"

Nilihesabu. Ya Bibi, yangu, ya Mayala, ambayo niliihesabu kuwa moja, ya mwalimu, na wengine. Tisa. Nikahesabu kutoka upande wa pili. Tisa. Bibi Paskazia alikuwa anakwangua chungu na hakuinua kichwa, ila mwiko ulisimama. Kutoka tisa hadi kumi ni hatua ndogo sana kwa mtu aliyefundwa na soko la Kabanga. Lakini gunia langu lilikuwa tumboni mwa watu wote pale.

"Tisa, Padre."

"Mimi nimepata kumi."

"Padre, umehesabu mara moja."

"Nyumba ya mapadre haiko kwenye daftari la jumuiya yoyote," akasema, akisogeza sahani yake iongezwe. "Nasalisha parokia nzima, nikirudi nasali na ukuta. Hii ya leo ilikuwa Alhamisi yangu ya kwanza. Niandike zamu."

"Nitakuandika," nikasema, "ila uje kila wiki."

"Mara mbili kwa mwezi."

"Mara tatu, na zamu ikiwa kwako tunakuletea viti."

"Mara mbili, na zamu yangu mnakuja parokiani na Bibi mnamleta kwa pikipiki."

Tukapeana mikono. Mwiko ukaanza tena kukwangua chungu.

Ndiyo maana daftarini, kati ya jina la mwalimu Laurenti na la Mayala, mtakuta pameandikwa "Padre". Msifikiri ni makosa. Mkungu niliouahidi uligawanywa kwa nyumba zote kumi, chane kwa chane, na Mayala bado anadai wa ng'ombe.

Alhamisi ijayo zamu ni ya Bibi Paskazia. Fikeni mapema, kwa kuwa ameshaazima viti. Simu ziacheni mfukoni, mwalimu Laurenti msimkate, siku hizi anamaliza upesi kuliko ninyi. Na chupa hiyo ibaki sandukuni kama ilivyo. Siku mtakapoanza kujisifia hesabu za jumuiya yenu, itoeni muitazame. Sala niliyosali bila kuikagua katika miaka kumi na tisa ni hiyo iliyomo ndani. Nimeihesabu mara mbili. Ni moja.